Mawe ni ya Mungu, kuta ni za nani?

Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, wananchi wa kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, walizima vibatari vyao wakalala kama walivyolala siku zote. Hawakuamka wote. Mvua kubwa iliyoandamana na upepo mkali na mawe ya barafu iliwashukia wakiwa usingizini, na hesabu ilipokamilika zaidi ya watu 40 walikuwa wamekufa, wakiwamo watoto wadogo. Mamia ya nyumba zilikuwa chini, na mazao yamelala shambani kama yaliyopitiwa na trekta.

Kilichofuata kila Mtanzania anakijua kwa moyo. Yalikuja mashangingi, zikaja kamera, zikaja blanketi na unga. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, naye alifika kuwapa pole wafiwa. Hatusemi vibaya. Pole ni ada yetu, na mwenye msiba hanyimwi pole. Lakini kuna sentensi moja inayosemwa katika nchi hii kila yanapotokea maafa, na sisi imetukwama kooni: kwamba ni kazi ya Mungu, haina makosa.

Barafu ni kazi ya Mungu, hatubishi. Lakini ukuta je? Ule ukuta wa tope usio na msingi, usio na lenta, uliobebeshwa mbao mbili na mabati yaliyowekewa mawe juu ili yasipeperuke, huo nao aliujenga Mungu? Taarifa za wakati ule zilieleza jambo ambalo halikupigiwa kelele inayostahili. Wengi wa waliokufa Mwakata hawakufa kwa kupigwa na barafu kichwani. Waliangukiwa na kuta za nyumba zao. Mvua ililowesha udongo, upepo ukasukuma, kuta zikalala juu ya watu waliokuwa wamelala.

Ndiyo maana tunasema bila kumung'unya maneno: mvua ya mawe ni hali ya hewa, lakini kifo cha mvua ya mawe mara nyingi ni habari ya nyumba. Na habari ya nyumba ni habari ya umaskini, na habari ya umaskini ni siasa, wapende wasipende.

WEWE WA MJINI HAIKUHUSU?

Tunajua kijana wa Manzese au Buguruni ataanza kuguna. Atasema, Dar es Salaam hapana mvua ya mawe, hayo ni mambo ya bara. Ni kweli kwamba Dar haina. Jiji liko usawa wa bahari, hewa yake ni ya joto, na barafu nyingi inayotengenezeka juu mawinguni huyeyuka kabla haijagusa bati la mtu. Lakini hebu tujiulize, hao vijana waliojazana Dar walizaliwa Dar wote? Kijana anayesukuma toroli Kariakoo mama yake yuko Njombe. Anayeuza mitumba Karume baba yake yuko Kahama. Anayeendesha bodaboda Tabata bibi yake yuko Lushoto. Na kila mwezi anayetuma hela ya bati ni nani? Si wewe?

Tena kuna wenzako ambao mji wao wenyewe uko kwenye njia ya mawe. Kijana wa Mwanjelwa pale Mbeya, mji ulio juu ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, hahitaji kuelezwa mvua ya mawe ni nini. Wa Njombe, Makambako na Iringa hali kadhalika. Kanda ya Ziwa ndiyo hiyo tumeiona Mwakata. Ukipanda juu, hewa ni baridi zaidi na safari ya jiwe kutoka mawinguni hadi kwenye paa lako ni fupi zaidi, halipati muda wa kuyeyuka.

Jinsi mawe hayo yanavyotengenezeka si siri. Jua likichoma ardhi yenye unyevu, hewa ya joto hupanda kwa nguvu na kujenga lile wingu refu jeusi lenye kichwa kama uyoga. Ndani ya wingu hilo upepo unaopanda hubeba matone hadi kwenye baridi kali, yanaganda. Yanataka kuanguka, upepo unayarudisha juu, yanaongezwa ganda jingine la barafu. Lipasue jiwe kubwa la barafu utaona matabaka yake kama ya kitunguu. Upepo ukishindwa kulibeba, linashuka. Ndiyo maana mvua hizi hupenda kuja alasiri na jioni, baada ya jua kali, ingawa Mwakata inatukumbusha kwamba usiku nao si salama.

Jiwe la ukubwa wa punje ya harage halina madhara makubwa kwa nyumba. Lile la ukubwa wa yai la kuku linaweza kuanguka kwa kasi inayozidi kilometa 80 kwa saa, na hilo linapasua kioo na kuchana bati chakavu. Duniani yameanguka makubwa zaidi. Huko Gopalganj, Bangladesh, Aprili 14, 1986, liliokotwa jiwe lenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Huko Moradabad, India, Aprili 30, 1888, mvua moja iliua watu 246. Kwa hiyo hatusemi kwamba barafu yenyewe haiui. Tunasema kwamba kwetu kuta huitangulia.

WENYE CHAI NA WENYE TOPE

Tuvuke mpaka kidogo, twende kwa jirani zetu Kenya, maana huko kuna somo. Nyanda za chai za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwaka 1965 peke yake zilihesabiwa Kericho siku zaidi ya 100 za mvua ya mawe. Jani la chai likipigwa na barafu limekwisha, na wenye makampuni ya chai hawakukaa kusema ni kazi ya Mungu. Katika miaka ya 1960 yalifanywa majaribio ya kurusha maroketi kwenye mawingu, kisha zikaletwa ndege za kunyunyizia mawinguni dawa ya kuzuia mawe yasikue. Wanasayansi mpaka leo hawajakubaliana kama dawa hiyo inafaulu. Lakini si hapo tunapotaka kufika.

Tunapotaka kufika ni hapa. Mali ya tajiri ilipopigwa na mawe, zilitafutwa ndege. Nyumba ya mlalahoi inapopigwa na mawe, linatafutwa blanketi. Hatudai ndege. Mlalahoi hahitaji maroketi. Anahitaji msingi wa mawe, lenta, waya wa kufungia kenchi, na misumari ya kutosha. Vitu vinavyouzwa dukani mtaa wa pili. Kama chai inaweza kukingwa, mtoto wa Mwakata hawezi?

SI KAZI YA VIKONGWE

Kabla hatujaendelea, kuna uchafu mmoja wa kuufagia. Yako maeneo, na Kanda ya Ziwa imepata sifa mbaya kwa hili, ambako likitokea balaa watu hutafuta kikongwe wa kumsingizia. Bibi ana macho mekundu kwa sababu amepikia kuni na mavi ya ng'ombe miaka 60, basi yeye ndiye aliyeita mvua. Wazee wetu wengi wameuawa kwa panga kwa upuuzi wa namna hii, na wanaotumwa kushika panga mara nyingi ni vijana.

Tunakwambia wewe kijana uliyesoma hata kama ni hadi darasa la saba: hakuna bibi anayetengeneza barafu. Ukisikia kijiweni mtu anataja jina la kikongwe baada ya mvua, huyo anatafuta shamba la kikongwe. Mzuie, na ukishindwa toa taarifa kabla damu haijamwagika. Anayeua ajuza kwa sababu ya mvua ameongeza maiti juu ya maiti.

NYUMBA INAANGUKAJE?

Sasa tuje kwenye nyumba, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Nyumba ya tope haianguki kwa sababu ni ya tope. Zipo nyumba za udongo zilizosimama miaka 50. Inaanguka kwa sababu zinazojulikana.

Kwanza ni maji miguuni. Mvua ya mawe huja na maji mengi kwa muda mfupi. Barafu hurundikana chini ya ukuta na kuziba mifereji, ikiyeyuka maji yanakaa palepale. Tofali bichi likilowa chini, ukuta mzima umekaa juu ya uji. Dawa yake ni msingi wa mawe uliopanda walau magotini, plasta ya saruji sehemu ya chini ya ukuta, mtaro wa kupeleka maji mbali, na paa lililotokeza nje vya kutosha ili maji yasitiririke ukutani. Wengi hukata mabati mafupi kubana matumizi. Unabana nusu meta ya bati, unapoteza ukuta.

Pili ni paa lisilofungwa. Upepo ukiingia kupitia mlango au dirisha lililo wazi, hulisukuma paa kutoka ndani, na ule wa nje hulinyanyua kutoka juu. Paa likiondoka, kuta zinabaki kama meno ya mzee, hazina kinachozishika pamoja. Kuweka mawe juu ya bati si kufunga paa. Ni kuweka mawe ya pili ya kukuangukia. Waya mzito upitishwe ndani ya ukuta kozi tatu au nne chini ya lenta, upande, ukumbatie mbao ya ukutani na kenchi, ukazwe. Kila kenchi, bila kuruka hata moja.

Tatu ni ukosefu wa lenta. Lenta inayozunguka nyumba nzima ni kama mkanda wa suruali. Asiye na uwezo wa zege na nondo anaweza kufunga mbao nzito kuzunguka kuta zote, zikaunganishwa vizuri kwenye kona. Si sawa na zege, lakini si sawa na kukosa kabisa.

Nne ni ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi kwenye kilele cha paa. Hiyo ni ya kwanza kuanguka, na kwa kawaida huangukia chumba cha watoto, kwa sababu watoto wetu tunawalaza pembeni. Paa la pande nne halina pembetatu hizo na hupambana na upepo vizuri zaidi. Kama tayari unayo ya pande mbili, basi watoto wasilale chini ya pembetatu hiyo msimu wa mvua.

BATI LA KUDANGANYIA

Hapa lazima tuseme na wafanyabiashara. Bati hupimwa kwa geji, na namba ikipanda, unene unashuka. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la 30, na la 30 ni jembamba kuliko la 28. Kijana anatoka Dar na hela yake ya jasho, anaingia dukani, anaambiwa 32 ni kubwa kuliko 28, anafurahi, anajaza lori. Amenunua karatasi. Wapo pia wauzaji wanaobandika geji 28 kwenye bati ambalo ukilipima halifiki. Shirika la Viwango lipo, sheria ipo. Tunataka kuona wauzaji hao wakifikishwa mahakamani, si kusomewa onyo gazetini.

Ukinunua bati, litikise na ulikunje pembeni kwa kidole. Linalokunjika kama bahasha liache palepale. Dai risiti yenye geji iliyoandikwa. Misumari iwe ya bati, yenye kofia na raba, ipigwe juu ya mgongo wa bati na si bondeni, na iwe mingi zaidi kwenye kingo na kileleni, kwani hapo ndipo upepo unapoanzia kufumua. Na usisahau papi zilizo karibukaribu. Bati jembamba juu ya papi zilizoachana meta moja na nusu litapinda kwa jiwe la kwanza.

Bati hata likiwa zuri, mawe makubwa yatalitia mabonde. Bonde si tundu. Bati lenye mabonde bila tundu bado linafanya kazi, usikubali fundi akwambie lazima paa lote ling'olewe. Lakini angalia mahali rangi au zinki ilipobanduka, kwa sababu hapo ndipo kutu itakapoanzia. Paka rangi mapema.

WINGU LIKIFUNGA

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, nazo hutangazwa redioni na kwenye simu. Usizibeze. Lakini ujue pia kwamba mtabiri anaweza kusema mkoa fulani utapata mvua kubwa na upepo, hawezi kusema kesho saa kumi mawe yatapiga nyumba ya mzee fulani. Macho yako ni sehemu ya tahadhari. Wingu jeusi linalopanda haraka, upepo wa baridi wa ghafla, radi zinazokaribia, hapo usingoje tone.

Ingiza watu ndani. Funga milango na madirisha yote. Kama nyumba yako ni ya tope lililokwisha kulowa kwa mvua za siku zilizopita, na kwa jirani kuna nyumba imara, au kuna shule au kanisa au msikiti wa tofali za kuchoma, hamia huko mapema, mvua haijaanza. Mambo ya kuona haya yaache. Afadhali ucheke na jirani kuliko jirani akulilie.

Yakianza ukiwa ndani, kaa mbali na madirisha na mbali na ule ukuta unaopigwa na upepo. Ingia chini ya meza imara au kitanda cha mbao, vuta godoro juu ya kichwa. Usitoke kuokoa mahindi uliyoanika, wala kufunika gari la bosi. Ukiwa njiani, usikimbilie chini ya mti peke yake uwanjani, kwani radi huupenda mti huo. Na wewe wa bodaboda, simamisha pikipiki, mshushe abiria, ingieni barazani kwa mtu, na helmeti mbaki nayo kichwani. Abiria ambaye hukumpa helmeti kwa sababu anakwenda karibu, siku hiyo ndipo utakapomkumbuka.

MVUA IKIPITA

Watu kwanza, vitu baadaye. Hesabuni vichwa, mwiteni kila mtu kwa jina. Nyumba ikiwa imeanguka, vijana muingie kwa utaratibu, mmoja akiongoza, wengine wakitoa kifusi kwa mikono kutoka juu. Wingi wa watu juu ya kifusi unawaua walio chini.

Waya wa umeme ulioanguka msiuguse, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika. Zima swichi kubwa kama unaifikia bila kukanyaga maji. Usipande juu ya bati lenye barafu. Wengi husalimika na mawe wakavunjika kiuno kwa kuteleza.

Kague kuta kwa macho na kwa mkono. Ufa unaoingiza kidole, ukuta uliopinda, au udongo unaomomonyoka chini, humo msilale, hata kama kumekucha jua kali. Udongo uliolowa unaweza kuanguka siku ya pili au ya tatu, watu wakiwa wamekwisha kujisahau. Walio na mabati ya zamani ya asbesto, yale ya kijivu yanayovunjika kama kigae, wasiyafagie yakiwa makavu wala kuyapiga nyundo. Vumbi lake linaharibu mapafu. Yaloweshwe maji kwanza, yaokotwe taratibu, yafukiwe mbali na watoto.

Matundu yafunikwe siku hiyohiyo kwa turubai au nailoni nzito, ikibanwa kwa mbao na misumari. Tundu dogo huzibwa kwa lami na kipande cha kitambaa kizito, au raba ya kuzibia bati inayouzwa madukani, lakini hiyo ni ya kungojea tu. Nafaka iliyolowa ianikwe haraka hadi ikauke kabisa, isirudishwe ghalani ikiwa na unyevu, maana sumukuvu haionekani kwa macho na imewahi kuua watu nchini humu. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu vyoo vikifurika kisima hakina mlinzi.

KARATASI NDIYO MDOMO WAKO

Sasa tunafika mahali ambapo mlalahoi huibiwa mara ya pili. Kabla hujaondoa hata kipande kimoja cha bati, piga picha kwa simu. Nje, ndani, kila chumba, kila ukuta. Weka rula au kiberiti pembeni ya jiwe la barafu kabla halijayeyuka. Andika tarehe, saa, idadi ya mabati yaliyoharibika, mbao, magodoro, magunia. Mtafute mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa na mtendaji, waje waone kwa macho yao, waandike, wapige muhuri, na nakala moja ibaki mkononi mwako. Si mkononi mwake. Mkononi mwako.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako: kamati yetu ina akina nani? Ilikutana lini? Asipokuwa na jibu, umepata jibu.

Mwenye bima ya nyumba atoe taarifa mara moja, na asome kama bima yake inataja dhoruba na mvua ya mawe au inataja moto tu. Wengi waliokopa benki wana bima wasiyoijua, kwa sababu walitia sahihi bila kusoma. Kaulize.

Na jihadharini na mafundi wa msimu. Baada ya mvua bei ya bati hupanda na mafundi huota kama uyoga, wanadai malipo yote kabla. Lipa nusu, andikishaneni mbele ya shahidi. Bora zaidi, vijana wa ukoo au wa mtaa mchangizane, mnunue bati kwa jumla, mfanye nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wazee waliita msaragambo. Haukuhitaji mgeni rasmi.

TUNAIDAI SERIKALI

Wapo watakaosema tumewatwisha wananchi mzigo wote. La hasha. Wenye dhamana nao tuna hesabu nao.

Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, waathirika wengi walingoja Serikali iwajengee. Januari 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, akawaambia kwamba Serikali haikuleta tetemeko na haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Wapo waliolia, wapo waliosema amesema ukweli. Sisi tunasema hivi: kama Serikali haiwezi kujenga baada ya maafa, basi haina udhuru wa kutosaidia kabla ya maafa. Haiwezekani ikatae kote kuwili.

Tunataka mambo manne, na yote ni ya bei nafuu kuliko msafara mmoja wa kutoa pole. Moja, kila kata katika maeneo ya mawe na upepo iwe na fundi sanifu wa kuwaonyesha wananchi jinsi ya kujenga msingi, lenta na kufunga paa, na ijengwe nyumba moja ya mfano karibu na ofisi ya kata ambayo kila mtu anaweza kuiingia na kuikagua. Mbili, nchi imenunua rada za hali ya hewa, ikiwamo ya Mwanza. Vizuri. Sasa tahadhari inayotoka kwenye rada ifike kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa lugha anayoielewa na kwa wakati, isiishie kwenye taarifa ya habari baada ya watu kulala. Tatu, kila kijiji kiwe na walau jengo moja la umma lililokaguliwa na kuthibitishwa kwamba paa lake limefungwa na kuta zake zina lenta, ili watu wawe na pa kukimbilia. Nne, orodha ya waathirika na ya misaada ibandikwe ukutani, majina na idadi, ili mwananchi asome mwenyewe nani kapewa nini. Blanketi lisilo na jina lina miguu.

Na wewe kijana, usisubiri hayo manne yatimie ndipo uanze. Ukipata likizo ya sikukuu, ukienda nyumbani na begi la zawadi, panda juu ya dari ya mama yako uone kenchi zimeshikwa na nini. Chukua kilo chache za waya, pakiti za misumari, na siku mbili za jasho. Kisha nenda kwenye mkutano wa kijiji, uliza habari ya kamati ya maafa mbele ya watu wote, na uandike jibu utakalopewa.

Mwakata walikufa wakiwa usingizini. Walio macho hawana kisingizio.